Waliolala Vichwa Chini

Muuguzi alikuwa katika siku yake ya pili rumande, na aliyemtia humo ni Kinyozi wa kitanda cha kwanza, kwa maneno manane tu: "Niliviona viatu vyake vyeupe vikipita chini ya pazia."

Inspekta alitaka kuyasikia maneno hayo upya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyebakiza miaka miwili astaafu, na askari wenzake walimwita Pasi kwa kuwa alinyoosha kila kilichojikunja, kiungue kisiungue. Alivuta stuli akaketi karibu na kichwa cha Kinyozi. Ilimbidi ainame, maana kichwa hicho kilikuwa chini kuliko miguu ya mwenyewe.

Vitanda vyote vitatu vya wodi ile viliinamishwa vivyo hivyo, kichwani chini, miguuni juu. Wanaume watatu walikubali kulala hapo siku sitini bila kusimama wala kukaa. Walikula wamelala ubavu, waliogeshwa wamelala, walijisaidia wamelala. Daktari wa kituo hicho cha utafiti alitaka kujua mwili unapatwa na nini mahali ambapo vitu havina uzito, huko waendako wale warukao nje ya dunia, na kwa kuwa hakuwa na chombo cha kuwapeleka, aliwalaza. Mwili usiojibeba hujisahau, ndivyo alivyomweleza Inspekta siku ya kwanza. Damu hupanda usoni. Mashavu ya miguu hunyauka. Mifupa hulika kidogo kidogo na kutoka na mkojo. Na mtu wa namna hiyo ukimsimamisha ghafla, damu humkimbilia miguuni, na kabla hujamaliza kumjulia hali yuko chini.

Ndiyo maana hakuna aliyewashuku walalao. Siku ya arobaini na mbili, saa nane mchana, saa ya mapumziko mapazia yakiwa yamefungwa, msimamizi wa mazoezi ambaye wote walimwita Kamanda alinyongwa ofisini mwake, hatua kumi na nane kutoka wodini. Mlango mkubwa wa jengo ulikuwa umefungwa, na ufunguo alikuwa nao Muuguzi. Ndani walikuwamo watano: marehemu, Muuguzi, na watu watatu wasioweza kusimama. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata. Muuguzi alisema alitoka kwa mlango wa uani, ua wenye ukuta pande zote, kupumzika kidogo juani, akaacha viatu vya wodini kizingitini kama sheria ilivyotaka. Shahidi hakuwa naye.

"Vilitembeaje?" Inspekta aliuliza.

Kinyozi, ambaye uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyelia wiki nzima, alisema viatu hutembea kama viatu. Kisha akaongeza, maana ulimi wake haukuwa umelala kama miguu yake, kwamba siku arobaini na nne za kutazama uvungu zimemfanya awajue watu kwa soli zao kuliko fundi viatu.

"Basi nieleze kama fundi viatu."

Kinyozi akafumba macho. "Polepole. Vimetanuka, kimoja huku kimoja kule. Kama bata aliyeshiba. Vikafika pale kwenye nguzo ya dripu vikasimama, kama mtu anayetafuta pumzi. Halafu vikaendelea."

"Na Muuguzi hutembeaje?"

"Sista? Huyo hutembea kama cherehani, ta-ta-ta, hujamsikia kafika..." Kinyozi akafumbua macho akamtazama Inspekta, na uso wake ulioiva ukaiva zaidi. Akauliza kwa sauti ndogo kama Sista bado yuko ndani.

"Yupo. Kwa maneno yako."

Koplo, kijana mrefu aliyekuwa akiandika mlangoni, alimfuata Inspekta ukumbini akauliza kama apige simu kituo cha polisi Muuguzi aachiwe. Inspekta akamwambia la. Aliyefanya kitendo hiki analala usingizi mzuri kwa sababu mwingine yuko ndani, alisema, na mtu mwenye usingizi mzuri hajilindi. Muuguzi avumilie. Koplo alikumbusha kwamba yule mama ana mtoto wa miezi saba na kifua kimemjaa maziwa hadi amepata homa. Inspekta akajibu kwamba amesikia.

Waliingia ofisini kwa Kamanda. Mwili ulikwisha kuondolewa, lakini kiti kilibaki chali kama kilivyokutwa. Kamanda alinyongwa kwa mkanda wa mpira wa mazoezi, mmoja wa ile iliyoning'inia ukutani nyuma ya kiti chake. Inspekta alipiga magoti akamwonyesha Koplo mgongo wa kiti, chini kabisa, karibu na magurudumu. Palikuwa na michirizi miwili myeupe ya soli ya mpira.

"Mtu mwenye miguu hunyonga amesimama," alisema. "Huyu alivuta akaanguka pamoja na kiti, akamalizia kazi akiwa amekaa sakafuni, miguu ameikita hapa. Mikono ilikuwa na nguvu. Miguu ndiyo haikumtosha."

Koplo akatoa vile viatu kwenye mfuko wa ushahidi. Siku mbili vilikuwa mikononi mwa polisi na kila mtu alivitazama rangi tu. Kisigino cha kulia kilichanika kwa ndani, kimetanuliwa na mguu uliokuwa mkubwa kukizidi. Muuguzi alikuwa na mguu kama wa binti wa shule.

Kilichobaki ni kabati la mafaili. Yalikuwa matatu, kila moja na namba ya kitanda mgongoni. La kwanza na la pili yalisimama sawasawa. La tatu liliingizwa kichwa chini, na aliyeliingiza alikuwa na haraka, maana kona moja ilikunjika. Ndani yake mlikuwa na majibu ya maabara ya siku kumi na nane zilizopita, yamezungushiwa kalamu nyekundu: damu katika mkojo, chembe za mawe, figo za pande zote mbili, mshiriki atolewe. Chini palikuwa na sahihi mbili, ya Kamanda na ya Daktari.

Kitanda cha tatu alilala kijana wa miaka ishirini na sita, fundi umeme. Kitanda cha pili alilala mjomba wake, mwashi. Wodini kila mtu aliwaita hivyo hivyo, Mwashi na Mpwa, ingawa wao kwa wao waliitana mjomba, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa.

Daktari aliitwa. Alikuwa mtu nadhifu mwenye vidole virefu, na alipoliona faili mezani alivificha vidole hivyo mifukoni. Inspekta alimuuliza kama ile ni sahihi yake. Akakubali.

"Uliyasoma majibu?"

"Nilitia sahihi."

"Sikukuuliza hilo."

Daktari alieleza kwamba Kamanda ndiye aliyeshughulika na washiriki. Mshiriki mmoja akitoka katikati, kazi ya miaka minne huwa na tundu, na Kamanda alisema kijana atakunywa maji mengi na atafika siku ya sitini. Kijana mwenyewe aliambiwa ni mzima, maumivu ya mgongo ni ya kulala. Inspekta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mtu aliyelala siku arobaini na nne anaweza kutembea hatua kumi na nane. Daktari akasema akijizoeza kwa siri kila siku, ndiyo, kwa shida, kwa mwendo wa kutanua miguu.

Wakaanza na miguu basi. Inspekta mwenyewe alishika futi ya fundi cherehani, akalinganisha na vipimo vya kila wiki vilivyoandikwa mafailini. Mashavu ya miguu ya Kinyozi yalikuwa yamepungua kila wiki bila kukosa, vivyo hivyo ya Mpwa. Ya Mwashi yalipungua wiki tatu, kisha yakagoma. Nyayo za Kinyozi zilikuwa laini na zinabanduka vipande, ngozi ya kukanyagia imeona haina kazi ikaondoka. Za Mpwa zilikuwa kama za mtoto mchanga. Za Mwashi zilikuwa ngumu kama kigae.

"Miaka thelathini ya saruji, mama," Mwashi alisema kwa upole. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mvi za kidevuni na mikono mizito iliyotulia kifuani. "Hata nikilala mwaka, hizi haziondoki."

Daktari alipoulizwa pembeni, alisema inawezekana. Miili haifanani. Mahakamani mtaalamu mmoja atasema hivi na mwingine atasema vile.

Inspekta alirudi kwa Mwashi akamwomba asimame. Mwashi alimjibu kwamba karatasi aliyotia sahihi inasema hasimami kabla ya siku ya sitini ila kwa ridhaa yake, na ridhaa hiyo hatoi. Ataanguka, alisema, na yeye ni mtu mzima, akivunjika haungiki. Hakupandisha sauti. Inspekta akakubali kwamba ni haki yake, akavuta stuli hadi kitanda cha tatu.

Alimweleza Mpwa jambo hilo kwa maneno mepesi, kwa sauti iliyofika vitanda vyote. Muuguzi yuko ndani kwa sababu watu wanaamini hakuna mwingine aliyeweza kusimama. Kama mtu aliyelala siku arobaini na nne akiweza kusimama dakika tano mbele ya Daktari, Muuguzi hatakuwa peke yake kwenye orodha.

Mpwa alifikiri. Alikuwa na uso wa duara uliozidishwa na damu, na jasho la maumivu juu ya mdomo. "Kwa hiyo kwenye orodha nitaingia mimi?"

"Utaingia."

"Sawa. Mimi sikuua mtu." Akasema Sista ndiye pekee aliyekuwa akimgeuza mgongo ulipomchoma, hata zamu yake ikiwa imekwisha. Akaomba karatasi, akatia sahihi amelala.

"Msimsimamishe huyo," Mwashi alisema kutoka kitanda cha pili.

Inspekta aligeuka. "Kwa nini?"

"Mgonjwa."

"Kaandikwa mzima. Nani kakuambia ni mgonjwa?"

Mwashi alitazama dari.

"Basi simama wewe," Inspekta alisema, "yeye alale."

Mpwa alicheka. Alimwambia mjomba wake asihofu, yeye kila siku hupanda nguzo za umeme, dakika tano za sakafuni ni nini.

Inspekta aliwapanga watu. Daktari alimweka upande wa mashine ya presha, kitanda kikiwa kati yake na mgonjwa. Koplo alimweka mlangoni. Mwenyewe alisimama miguuni pa kitanda cha tatu akiwa na saa mkononi. Upande ambao Mpwa angesimama, kati ya kitanda cha tatu na cha pili, hakumweka mtu. Palikuwa na toroli ya chuma ya vifaa tu, na Koplo alipotaka kwenda kuisogeza Inspekta alimwambia abaki alipo. Daktari aliuliza nani atakayemshika akianguka.

"Angalia mashine yako," Inspekta alijibu.

Walimkalisha kwanza, Daktari akimsukuma mgongo kutoka ng'ambo. Kisha Mpwa akashusha miguu ile myembamba, akakanyaga sakafu, akasema ni baridi, na akasimama. Alitanua miguu. Alishikilia ukingo wa kitanda kwa vidole viwili, kisha, ili ionekane vizuri, akauachia.

Dakika ya kwanza Daktari alisoma mapigo mia moja na kumi. Mpwa alisema miguu inamchonyota kama imeingiwa na sisimizi. Dakika ya pili mapigo yalikuwa mia moja na thelathini na nane, na uso uliokuwa mwekundu ukaanza kujaa rangi ya jivu. Alipiga miayo. Daktari alisema inatosha. Inspekta alisema aliyesimama ndiye atakayesema inatosha.

"Naweza," Mpwa alisema. "Ni dakika ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Sista atoke," alisema, kama mtu anayejihesabia matofali.

Kitanda cha pili kilitoa mlio. Mwashi alikuwa amegeukia ubavu, macho kwenye magoti ya mpwa wake. Inspekta hakuwa akimtazama kabisa Mpwa tena. Dakika ya tatu presha ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba, Daktari akaita namba kwa sauti iliyopasuka, na macho ya Mpwa yakapanda juu. Hakupiga kelele wala hakunyoosha mikono kujikinga, kwa sababu anayezimia hana mikono. Alianguka mzima mzima, kichwa kikielekea kona ya toroli.

Hakikufika. Mwashi alikuwa ametoka kitandani na shuka lake, hatua tatu, pana, miguu imetanuka, akaingiza mkono mmoja chini ya kichwa na mwingine kiunoni, akampokea mtoto wa dada yake kama anavyopokewa mtoto kutoka tumboni. Akamlaza sakafuni. Akamwinua miguu yote miwili akaikumbatia kifuani ili damu irudi kichwani, jambo alilowaona wauguzi wakilifanya. Alipoona kifua cha Mpwa kinapanda, ndipo akainua macho.

Alikuwa amesimama. Kila mtu wodini alimwona amesimama, hata Kinyozi, ambaye kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alimtazama mtu kuanzia miguuni hadi kichwani.

Inspekta alitazama saa. Aliacha dakika moja ipite, ya pili, ya tatu, ili isije ikasemwa ni bahati. Mwashi hakuyumba. Kisha Koplo akaja na pingu, na Daktari na Kinyozi wakasikika wakipumua.

Walimkalisha kwenye benchi la ukumbini, na hapo alisema yote, bila kusukumwa. Mgongo wa kijana ulipoanza kumuuma wiki ya tatu, alimwomba Kamanda majibu mara tatu, na mara tatu akaambiwa ni mazuri. Hakuamini. Dada yake alikuwa na mtoto mmoja tu, na alimruhusu aje huku kwa sababu mjomba wake yupo. Basi kila saa ya mapumziko, pazia likifungwa, alishuka akasimama ameshika ukuta, kwanza sekunde, kisha dakika, akizimia na kuamka peke yake, mpaka miguu ikamkubali. Siku ile alivaa viatu vya kizingitini asiache unyayo, akaenda kuliangalia faili. Alilisoma hadi mwisho. Kamanda aliingia akamkuta nalo, akacheka kwanza, akamwiga mwendo wake. Kisha akalichukua faili, akaketi, akamgeuzia mgongo, akasema arudi kitandani na akifungua mdomo wote wawili watatupwa nje bila hata karatasi ya daktari. Na kwamba figo si moyo, mtu anazo mbili.

"Faili nilirudisha mwenyewe," Mwashi alisema. "Nilidhani mtakuja, mtalisoma, mtamtoa. Siku mbili mko humu."

Inspekta alimwambia gari la hospitali limeitwa.

"Na nisingemdaka?"

"Angeanguka."

"Ulikuwa unajua nitamdaka."

"Sikujua," Inspekta alisema. "Nilikuwa tayari kwa yote mawili."

Mwashi alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyotazamwa mnyama usiyemjua jina. Akainuka mwenyewe. Koplo alimshika mkono, wakaenda polepole hadi garini, maana askari alilazimika kuufuata mwendo wake.

Inspekta alirudi wodini na ubao wake wa karatasi. Waliomwona Mwashi amesimama, askari wawili na daktari mwenye kosa lake, mawakili wangewachanachana mahakamani. Kinyozi alikwisha kubadili maneno mara moja. Lakini ushahidi wa mtoto wa dada ungesimama. Mpwa alikuwa amerudishwa kitandani, kitambaa chenye maji kimefunika macho yake, masikio bado yanamlilia, alisema. Hakujua kilichotokea. Aliuliza kama zilifika tano.

"Tatu na ushee. Zimetosha. Muuguzi anatoka leo."

Mpwa aliachia pumzi ndefu, na pembe za mdomo wake zikapanda. Inspekta akaondoa kitambaa, akampa kalamu, akamwambia aandike anachokumbuka, kifupi, kwa mkono wake. Mpwa aliandika amelala ubavu, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima. Aliandika kwamba alisimama, akaona giza, akaanguka, na kabla ya kuzimia kabisa akahisi mtu amemdaka.

"Mikono ilikuwaje?" Inspekta aliuliza.

"Migumu. Mikubwa. Ilikuwa inakwaruza."

"Andika."

Akaandika. Akatia sahihi na tarehe. Inspekta aliupuliza wino ukauka, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni na kufunga kifungo.

"Ni nani, mama?" Mpwa aliuliza. "Nilimshukuru kweli? Maana kile chuma nilikiona kinakuja."

Inspekta akamwambia.

Mpwa alicheka. Alisema hilo haliwezekani, mjomba wake hajakanyaga chini tangu siku waliyofika, hata kukaa hawezi. Na bado akicheka aligeuza kichwa kwenye kitanda cha pili, ili wacheke wote.